Namna ya Kufunga Mlango wa Tochidaira

Hakuna aliyesema mlango ule uachwe wazi. Hilo lieleweke kwanza. Kila mtu aliyekuwa ndani ya ukumbi wa kitongoji cha Tochidaira asubuhi ile alikuwa anatamani ufungwe. Theluji ilikuwa inaingia na kutua juu ya mikeka kama mgeni aliyealikwa, na chai ilikuwa inapoa kabla haijafika mdomoni. Lakini hakuna aliyethubutu kuugusa, na kilichowazuia kilikuwa adabu.

Fusano hakuwa na nafasi ya adabu. Alikuwa amepiga magoti kwenye pembe ya ukumbi, mkono umezama chini ya mablanketi mpaka kiwikoni, anapapasa wali.

Ulikuwa wali uliopikwa kwa mvuke, ukanyunyiziwa unga wa ukungu ule mwema, ukalazwa kwenye masinia ya mbao ya mwerezi ili uote manyoya meupe. Ndiyo koji. Bila koji soya haichachi, soya isipochacha hakuna miso, na pasipo miso ya kutia kwenye mchuzi wa asubuhi mtu wa Tochidaira haoni sababu ya kuondoka kitandani. Kila nyumba ilikuwa imeleta mchele wake. Na koji siku zake za kwanza ni kama mtoto mchanga: inataka joto la mtoto aliyelala, si zaidi, si pungufu. Ikipoa inakufa, na ikifa ni kitongoji kizima bila miso mwaka mzima.

Tangu zamani kazi hiyo ilikuwa ya Bibi Kikuno. Majira haya ya baridi vidole vyake vilikataa kukunja, akasema mbele ya watu wote, "Mpeni Fusano." Baadhi yao walikohoa. Fusano alikuja Tochidaira kuolewa, nywele zake zikiwa nyeusi tii, kutoka upande wa pili wa mlima. Mume amekufa, watoto wako mjini, nywele zimekuwa nyeupe, na bado alikuwa akiitwa bibi harusi wa ng'ambo. Alijua koji ikifa hakuna atakayemfokea. Afadhali wangefoka. Wangemwinamia, wangemshukuru kwa kujichosha, na mwakani masinia yangekutwa nyumbani kwa mtu mwingine bila neno.

Na koji ilikuwa inapoa.

Mambo yalianzia kwenye kibao. Cha zamani, kile kilichokuwa kando ya mlango, kilikuwa kimeliwa na wadudu hata maandishi hayasomeki. Seremala Tadokoro akachonga kipya, cha mti wa mcheri, kazi safi kabisa. Alichonga: *Ukishaingia, mlango huu tafadhali,* akaacha nafasi ya neno la mwisho. Si kwamba hakulijua. Aliona si vizuri mtu mmoja kuwachagulia wenzake neno watakalolisoma mpaka wajukuu. Akakileta kikaoni akidhani ni shughuli ya kikombe kimoja cha chai.

"Andika shimeru," alisema Bwana Isogai, mwenyekiti. "Funga. Kwisha. Tupite kwenye suala la bomba."

"Naam, shimeru ni sawa kabisa, mwenyekiti," alisema Mwalimu Nishiwaki, aliyefundisha shule ya hapo mpaka watoto wakaisha. "Mimi sina ugomvi nalo. Ila samahani, shimeru ni kufunga kama mtu anavyofunga duka. Ukifunga, wa nje ni wa nje. Huu ni ukumbi wetu sote. Nilikuwa nawaza labda tojiru. Kufumba. Kama jicho. Jicho likifumba halijamfukuza mtu, limepumzika tu."

"Mwalimu," alisema Tadokoro, "mlango una kope?"

Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka, na kwa kuwa alicheka pamoja nao, ikawa lazima wazo lake lipewe heshima.

Hapo Mzee Yasaku akajisafisha koo kule nyuma. Yasaku huongea mara chache, na akishaongea harudi nyuma. "Babu yangu alisema tateru. Kushindika. Unausogeza mlango pale unapotakiwa kusimama, unauacha. Hukazi, hubembelezi. Hapa kwetu ni kushindika. Hayo ya kufunga na kufumba yamekuja na redio."

Maneno yakawa matatu. Tochidaira hawapigi kura. Kumpigia mtu kura ni kama kumpiga teke. Huongea tu, mpaka donge la moyoni mwa yule wa mwisho liyeyuke. Na wakati huo mlango ulikuwa wazi, kwa sababu aliyeingia mwisho alikuwa amebeba kapu la machenza kwa mikono miwili.

Bwana Isogai akahisi baridi shingoni. Akanyanyuka kama mtu yeyote, akaenda, akaweka mkono kwenye mlango ule wa kutelezesha.

"Mwenyekiti, niwie radhi kukukatiza," alisema Mwalimu Nishiwaki kwa sauti ya upole hasa. "Hapo unakwenda kufanya lipi?"

Mkono wa Isogai ukaganda. Akiusukuma mlango mpaka ugonge mwimo, atakuwa amefunga, na mwenyekiti akishafunga ni kama amewaamulia watu. Akiurudisha taratibu kama anayefunika kitabu, atakuwa amefumba, ameshindwa na mwalimu mchana kweupe. Akiacha upenyo wa kidole, atakuwa amemfuata Yasaku, ambaye mbwa wake alikwishamlia kuku. Aliangalia mlango. Mlango haukumsaidia. Akauinamia kidogo, akasema "samahanini sana," akarudi kukaa kwenye mto wake huku theluji ikimfuata.

Toka hapo mlango haukugusika.

Mineyo wa duka la pombe alichelewa, akaja na bakuli la figili za chumvi. Akasimama kizingitini, akashangaa watu wote wanamtazama mikono.

"Mbona mmeacha baridi yote hii? Niufunge?"

"Amesema funga!" Isogai aliruka kwa furaha. "Tadokoro, umesikia? Andika!"

"Nani kasema? Mimi nimekuja na figili!"

"Umesema niufunge."

"Nimesema mbona baridi!" Mineyo akaliweka bakuli chini, akaficha mikono yake ndani ya mikono ya sweta, akaenda kukaa mbali na mlango kama vile unauma. "Nyie watu. Mtu hawezi kuleta figili kwa amani."

Fusano akatoa mkono kwenye mablanketi. Juzi na jana ule wali ulikuwa na uhai, ulikuwa unamjibu. Sasa ulikuwa umenyamaza.

"Jamani, koji inapoa," alisema.

Wote wakageuka, na huzuni iliyokuwa usoni mwao ilikuwa ya kweli kabisa.

"Pole sana, Mama Fusano."

"Hilo ni jambo zito."

"Basi tusipoteze muda," alisema Isogai. "Mwalimu, rudia ile ya jicho, kwa kifupi."

Hawakuwa wabaya. Walimletea chupa za maji ya moto za kulalia. Walimletea blanketi lao wenyewe la magotini. Yasaku alivua hata soksi zake za sufu, na ingawa hakuna aliyejua soksi zitasaidia wapi, zilipokelewa. Jiko la mafuta ya taa lilisogezwa, lakini jiko gani litapasha mlima mzima? Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mbao tangu theluji ya kwanza. Milango ya karatasi ya ndani ilikuwa mjini inabandikwa upya. Kuipeleka koji nyumbani kupitia theluji katika hali ile ilikuwa ni kuizika. Kulikuwa na mlango mmoja tu duniani.

"Basi mimi natoka," alisema Fusano. "Nitausukuma nikiwa nje. Nyie hamtaona nimefanyaje."

"Kwa nje ni neno lingine, mama," alisema Yasaku.

Wakafikiri. Wakaitikia kwa vichwa, mmoja baada ya mwingine. Lilikuwa jambo la kwanza kukubaliwa na wote siku hiyo.

Ndipo mbuzi wa mlimani alipoingia. Mmoja wa wale wanene weusi, wenye uso wa mtu aliyesomea sheria, ambao hushuka theluji ikizidi. Alisimama kizingitini, akawatazama wote bila haraka, akapita katikati ya wazee mpaka kwenye jiko, akakunja miguu, akalala. Isogai, kwa mazoea ya uenyekiti, akamsogezea mto.

"Mwenyekiti, unamkaribisha mbuzi?" aliuliza Mineyo.

"Ameingia kwa heshima."

"Na hakuufunga mlango," alisema Yasaku. "Ni mwenzetu huyo."

Kikao kikaendelea. Na kweli, pengine kwa aibu ya kutazamwa na mnyama, watu walianza kulegea. Mwalimu Nishiwaki alifuta miwani yake, akasema kama wengine wote wanaona kufunga kunafaa, yeye hatakuwa jiwe la njiani. Yasaku aliguna. Mguno wa Yasaku ni ndiyo; wenyeji wanaujua. Tadokoro akashika patasi.

"Basi," alisema Isogai, na sauti yake ilitetemeka kwa baridi na kwa matumaini, "kuna yeyote mwenye neno?"

Fusano alikuwa tayari amesimama nusu, mguu mmoja mbele, macho kwenye mlango.

Mbuzi akatikisa kichwa. Alitikisa kwa nguvu, masikio yakipiga, theluji iliyoyeyuka ikaruka ikamlowesha mwenyekiti miwani.

Isogai alivua miwani, akaipangusa pole pole, akaivaa tena. "Naona bado kuna ambaye hajaridhika."

"Ni mbuzi!" Fusano alipiga kelele.

"Mama Fusano, hata mimi nimemwona kuwa ni mbuzi. Lakini nimeuliza swali, na yeye ametikisa kichwa mbele ya watu. Tukisema hatukuona, tutakuwa tumefanyaje?"

Tadokoro akaweka patasi chini.

Kitu kikakatika ndani ya Fusano. Alifunua mablanketi yote kwa mkupuo mmoja. Kuna jambo alilijua tangu zamani kuhusu Tochidaira, ila hakuwahi kulitumia: waulize watu pale tufanye nini, utazeeka unasubiri, lakini mwite mmoja kwa jina, mpe kazi mkononi, hakatai kamwe. Kukataa ni utovu wa adabu.

"Mwenyekiti! Hili sinia ni lako. Liweke tumboni, ndani ya koti, na mikono juu yake."

Isogai alilipokea kwa mikono miwili, kama zawadi. "Tumboni, mama?"

"Tumboni. Mwalimu, hili lako. Mzee Yasaku. Mineyo, wewe mnene, chukua mawili."

"Mnene nani?"

"Wewe. Mshukuru Mungu kwa leo. Tadokoro, weka hicho kibao, shika hili. Na mtu asitikisike. Mwenye kutikisika mchele wa nyumba zote uko juu yake."

Wakakaa. Wazee wa kitongoji kizima, kila mmoja na sinia lake la wali wenye ukungu chini ya koti, mgongo kwa mgongo, wamejikunyata kama kuku waliotamia. Sinia moja lilibaki. Fusano alitazama huku na huku. Kila tumbo lilikuwa na lake. Akamtazama mbuzi. Mbuzi naye akamtazama. Akalisukuma sinia polepole mpaka likagusa ubavu wake, akalitupia blanketi juu. Mbuzi alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyezoea kubebeshwa majukumu.

Mjadala ukaendelea, lakini kwa kunong'ona, maana aliyepaza sauti tumbo lake lilitikisika. Na ni vigumu kushikilia msimamo huku unanong'ona. Baada ya muda wakawa hawazungumzii mlango.

"Mwalimu, lako linafanyaje?"

"Sijui. Nahisi kama linapumua."

"Langu linanitekenya," alisema Yasaku, na kwa mara ya kwanza watu wengi waliyaona meno yake.

"Msimchekeshe, ataangusha."

Fusano akawa anapita kwa magoti kutoka koti hadi koti, akiingiza mkono na kupapasa. Alimpapasa hata mwenyekiti, ambaye aliangalia dari na kuanza kuhesabu mihimili kwa sauti. Wali wa Isogai ulikuwa bado baridi. Wa Nishiwaki, vuguvugu. Kwa Mineyo aliuacha mkono pale, hakuutoa upesi. Ulikuwa unamjibu. Alipopita mara nyingine, hata wa Isogai ulikuwa umeamka, na harufu ikaanza kutoka kwenye kola za watu, ile harufu tamu ya njugu za mlimani zilizochomwa. Bibi Kikuno, aliyekuwa amesinzia ukutani tangu suala la kwanza, alinusa bila kufungua macho.

Jua lilikuwa limeshavuka paa mbuzi aliposimama. Aliliruka sinia lake kwa uangalifu, akatoka kwa mwendo uleule wa mtu wa mahakama. Alipofika nje akakumbuka kwamba anawashwa. Akarudi nyuma nusu hatua, akaegemeza ubavu kwenye ukingo wa mlango, akajikuna. Mlango ukateleza. Akajikuna tena. Mlango ukateleza, ukateleza, ukagusa mwimo. Ta.

Wote wakageuza shingo, matumbo hayakutikisika.

"Umefungwa," alinong'ona Tadokoro.

"Umefumbwa," alisema Mwalimu, lakini kwa mazoea tu.

"Hakuna mtu aliyefanya chochote," alisema Isogai, na machozi yalikuwa karibu. "Jamani. Hakuna wa kulaumiwa. Nipeni chai."

Wakanywa chai ya moto. Mineyo akagawa figili. Jiko likapata nafasi ya kufanya kazi yake, chumba kikapata joto, watu wakafungua vifungo vya juu vya makoti na kusifiana. Fusano peke yake ndiye hakukaa. Alikuwa anapita tena kwa magoti, na sasa uso wake ulikuwa mwingine.

Koji ikishaamka hailali tena. Inajipasha yenyewe, na haijui pa kuishia. Ukiiacha inajiunguza, inageuka chungu, inanuka kama soksi, na hapo kifo cha joto na kifo cha baridi hakuna nafuu. Sinia la Yasaku lilikuwa la moto. La Mineyo lilikuwa la moto zaidi, mwenyewe anatiririka jasho na anasema ni umri.

"Hewa!" alisema Fusano. "Inataka hewa baridi sasa hivi! Mlango!"

Mwalimu Nishiwaki alinyanyuka kabla ya wote. Alitaka kweli kulipa yale ya asubuhi. Alishika sinia lake kwa mkono mmoja, akafika mlangoni, akanyoosha mkono mwingine.

"Mwalimu," alisema Bwana Isogai. Hakuwa na nia mbaya. Lilimtoka tu, kama chafya. "Samahani lakini. Hapo unakwenda kufungua, au kufumbua?"

Fusano aliuona mkono wa mwalimu ukisimama hewani.

"Kweli bwana," alisema Nishiwaki taratibu. "Kuna akeru, na kuna hiraku. Akeru ni kuondoa kizuizi tu. Hiraku ni kama ua, kama mwavuli, kama mtu anapokunjua…"

"Babu yangu yeye alikuwa anasema…" alianza Yasaku.

Fusano hakusikia babu alisema nini. Alikuwa amekwisha fika. Alimsogeza mwalimu kwa bega, akaukumbatia mlango kiunoni kama anayemtoa mlevi harusini, akaunyanyua juu mpaka sehemu ya chini ikachomoka kwenye mfereji wake, akaenda nao mbele, yeye na mlango, moja kwa moja mpaka kwenye theluji ya uani, wakaanguka pamoja. Mlango ulikuwa chini, yeye juu. Baridi ikaingia ukumbini bila kuuliza.

"Mwenyekiti!" alipiga kelele akiwa bado amelala. "Leta la kwako hapa! Mineyo! Yasaku! Mwalimu, achana na mwavuli, njoo!"

Wakaja, kila mmoja alipoitwa, wakaacha viatu vyao, wakakanyaga theluji kwa soksi. Yasaku bila soksi. Masinia yakapangwa juu ya mlango. Mvuke ukapanda kama nguo zilizotoka kuchemshwa. "Tieni mikono! Vunjeni mabonge, geuzeni, chini kuja juu! Usiminye, Tadokoro, si udongo huo!" Na wazee wakainama pande zote za mlango, wakageuza wali mweupe wenye manyoya, pua zinatiririka, wakipigana vikumbo, wakiambiana pole.

Bibi Kikuno alitoka wa mwisho akishikilia mwimo mtupu. Akachota punje chache kwenye sinia la mbuzi, maana ndilo lililokuwa karibu, akatafuna kwa upande ulio na meno. Fusano akaacha kugeuza. Bibi akatafuna. Akameza, akachota tena.

"Tamu," alisema. "Kesho wekeni soya motoni." Akarudi ndani, akakumbuka kwamba ndani sasa ni sawa na nje, akashika njia ya kwake.

"Mama Fusano," alisema Tadokoro, ambaye alikuwa na kibao kwapani tena, sijui alikichukua saa ngapi. "Kile ulichokifanya pale mlangoni, kinaitwaje? Niandike."

Watu wote wakamgeukia Fusano, mikono ndani ya wali.

"Geuza lako," alisema Fusano. "Linaungua."

Akageuza.

Joto lilipokaa sawa, Fusano alipita akigusa kila sinia. Zilizobaki ni saa za usiku tu, na sasa koji ilikuwa na nguvu zake, ingeweza kutembea, mradi iwe kotini. Ukumbini hapakuwa na mlango, na hakuna aliyeuliza habari ya kuurudisha. Akaanza kuwatuma nyumbani mmoja mmoja. "Wewe karibu na jiko, usilifunike sana. Wewe Mineyo, utoe kichwa chako kwenye pombe leo, hili linataka kuangaliwa. Mwalimu, ukihisi linawaka, litoe barazani."

"Litoe barazani," alirudia Mwalimu, kama mwanafunzi.

Wakashuka njia ya theluji kwa mstari, wazee kwa ajuza, matumbo mbele, mkono mmoja chini na mwingine juu, wanakanyaga kwa hadhari kama wajawazito wa mwezi wa tisa. Bwana Isogai ndiye aliyebaki nyuma. Alikuwa anazungukazunguka, ana jambo.

"Sema, mwenyekiti."

"Hili, mama. Nilale nalo?"

"Ulale nalo."

"Kitandani?"

"Kitandani, chini ya shuka, kati yako na ukuta."

Isogai alilipapasa tumbo lake. "Kwenye ukuta ndiko anakolala mke wangu."

"Hayo," alisema Fusano, akipangusa wali vidoleni, "kamwulize mwenyewe."